Kiingereza cha Chekechea na Somo la Historia ya Singida

Ukipita asubuhi katika mitaa ya Mandewa, Utemini au Minga mjini Singida, utakutana na mabango yaliyochorwa wanyama na herufi za rangi, yakiwaahidi wazazi kwamba mtoto wa miaka miwili au mitatu atalelewa, atalishwa, na zaidi ya yote atazungumza Kiingereza. Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo inayolipiwa. Mzazi anayeuza alizeti, vitunguu au mbuzi ili kulipa ada ya kituo hicho hafanyi mzaha, wala makala haya hayaandikwi kumbeza. Anajua jambo moja ambalo viongozi wetu hawapendi kulisema kwa sauti: siku mwanawe atakapoingia Kidato cha Kwanza, masomo karibu yote yatafundishwa kwa Kiingereza, na asiyekijua ataachwa nyuma.

Ninachotaka kukijadili ni imani inayoongoza uamuzi wa mzazi huyo, yaani kwamba lugha ya kigeni isipopandwa utotoni, tena mapema iwezekanavyo, haitaota kamwe. Imani hii ina historia, ina mahali ilipozaliwa, na inaweza kupimwa. Bahati nzuri, Singida yenyewe ni maabara ya kuipimia, kwa kuwa katika muda wa vizazi viwili au vitatu mkoa huu ulijifunza lugha ya kigeni na kuifanya yake. Lugha hiyo ni Kiswahili.

Jinsi Kiswahili kilivyofika

Ni rahisi kusahau kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya kigeni Singida. Mkoa huu ni miongoni mwa sehemu chache sana barani Afrika ambako jamii kuu zote za lugha za bara hili zinakaribiana. Wanyaturu, Wanyiramba na Waisanzu husema lugha za Kibantu, kama wafanyavyo Wagogo na Wakimbu wa upande wa Manyoni. Wataturu husema lugha ya Kiniloti. Wairaqw wa maeneo ya jirani husema lugha ya Kikushi. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Mkalama, wana lugha yao yenye sauti za kidoko, ambayo wataalamu wengi wanaiona haina ndugu aliyethibitishwa. Mtoto aliyezaliwa katika mojawapo ya jamii hizi miaka 100 iliyopita hakukisikia Kiswahili mgongoni mwa mama yake.

Kilikuja kwa njia za watu wazima. Kwanza zilikuwa njia za misafara kati ya pwani na Tabora, zilizopita Ugogo na kuigusa kusini mwa mkoa wa leo. Kisha ukaja utawala wa Wajerumani, uliojenga maboma yake Kilimatinde na Mkalama na kuendesha shughuli zake na wenyeji kwa Kiswahili kupitia makarani, askari na maakida. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia waliirithi desturi hiyo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikubali lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki ili kusimamia usanifishaji huo. Wamisionari wa Kilutheri walizisoma kwa bidii lugha za wenyeji. Mmoja wao, Howard Olson, aliandika tasnifu nzima kuhusu sarufi ya Kinyaturu katika miaka ya 1960. Lakini karani, mwalimu na mfanyabiashara walikutana katika Kiswahili.

Mageuzi makubwa yalikuja baadaye. TANU, iliyozaliwa mwaka 1954, ilifanya mikutano yake kwa Kiswahili. Redio ikakipeleka mpaka vijijini. Jeshi la Kujenga Taifa likawachanganya vijana wa makabila yote. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto awe shuleni ifikapo mwaka 1977. Sambamba na hayo, watu wazima walikaa chini ya miti jioni wakijifunza kusoma. Kwa makadirio rasmi, wasiojua kusoma na kuandika nchini walikuwa takriban asilimia 39 mwaka 1975, na kufikia mwaka 1986 walikuwa wameshuka hadi karibu asilimia 10. Wengi wao walisomea lugha ambayo hawakuzaliwa nayo.

Nimekulia katika familia ya Kinyaturu. Babu yangu alijifunza Kiswahili akiwa kijana mwenye ndevu; baba yangu alijifunza akiwa mwanafunzi wa darasa la kwanza mwenye umri ambao leo ungemweka darasa la nne. Wote wawili walibishana baraza la kijiji, walisoma barua, waliandika barua na waliapa mahakamani kwa lugha hiyo. Hakuna aliyewafundisha nyimbo za Kiswahili wakiwa na miaka miwili. Wazee wa namna hii wamejaa Iramba, Ikungi na Mkalama, na msomaji yeyote wa mkoa huu anaweza kuwataja wa ukoo wake.

Kwa nini walifaulu? Naona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili kilikuwa na kazi: sokoni, zahanati, chama, kambini, redioni. Ya pili ni kwamba aliyekifundisha alikijua. Hata mwalimu wa kijijini mwenye elimu ndogo aliweza kutania, kukemea, kusimulia na kueleza kwa Kiswahili bila kutafuta maneno. Umri wa mwanafunzi haukuwa sharti.

Sitaki kuipamba historia hii. Ushindi wa Kiswahili ulikuwa na gharama yake, na iliyolipa ni lugha za nyumbani. Wapo wengi waliochapwa kwa kusema Kinyaturu au Kinyiramba katika uwanja wa shule, na hadi leo lugha hizo hazina nafasi darasani. Adhabu ile ile sasa imehamia kwa mtoto wa shule ya Kiingereza anayekamatwa akisema Kiswahili. Tumerithi kiboko, tukabadilisha tu lugha inayochapwa.

Imani iliyozaliwa Makerere

Basi ile imani ya kuanza mapema ilitoka wapi? Mnamo Januari 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, wajumbe wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Makoloni yalikuwa yanakufa, na swali lilikuwa jinsi Kiingereza kitakavyoishi baada yake. Miaka 31 baadaye, mwanaisimu Robert Phillipson, katika kitabu chake kuhusu ubeberu wa lugha, alionyesha kwamba fikra za mkutano ule zilijengwa juu ya misingi mitano: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kikianzwa mapema zaidi ni bora zaidi, kikifundishwa kwa saa nyingi zaidi ni bora zaidi, na lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Phillipson aliiita yote mitano upotofu, akaeleza pia kwamba misingi hiyo ilizifungulia kazi na soko nchi zenye lugha hiyo.

Yasome tena masharti hayo matano, kisha uende kwenye kituo chochote cha watoto chenye bango la Kiingereza. Utayakuta yote, isipokuwa la mzawa, ambalo fedha haikutosha kulitimiza.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa wameanza mapema zaidi. Mwaka 1957, kituo maalumu jijini Nairobi kilianzisha utaratibu wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza katika shule za watoto wa Kiasia, kisha katika shule za Waafrika. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliupa baraka. Utaratibu ulipopanuliwa kwa kasi, walimu na vifaa havikuweza kuufuata, na mwaka 1976 Tume ya Gachathi ikapendekeza watoto wa madarasa ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Rwanda nayo iliamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza, ikarudisha Kinyarwanda katika madarasa ya chini mwaka 2011, kisha mwaka 2019 ikatangaza kurudi tena kwenye Kiingereza. Nchi zinapoyumba hivi, wanaoyumbishwa ni watoto wa darasa la kwanza.

Mwaka 1984 na kivuli chake

Tanzania ilichagua njia nyingine, lakini ikaishia katikati. Kiswahili kilishika shule ya msingi mwaka 1967, na mpango ulikuwa kiendelee kupanda. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia Kidato cha Kwanza mwaka 1985. Mwaka 1984 serikali ilikataa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyeihutubia Jamhuri kwa Kiswahili, wakati huo alikitetea Kiingereza kwa hoja kwamba ndicho Kiswahili cha dunia. Mwaka huo huo wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza cha shule zetu na kukuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakukijua kiasi cha kuweza kusomea. Jibu lililofuata halikuwa kubadili lugha ya kufundishia, bali mradi wa vitabu na mafunzo ya walimu uliogharamiwa na Uingereza.

Tangu hapo tumeishi na ukuta katikati ya elimu yetu. Upande mmoja mtoto anasoma Maarifa ya Jamii kwa lugha anayoielewa; upande wa pili anapewa kozi fupi ya Kiingereza ya wiki chache, kisha Fizikia, Biolojia na Historia zinaanza kwa lugha hiyo. Mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa Kidato cha Nne walipata daraja sifuri, kabla matokeo hayo hayajafutwa na kupangwa upya. Sababu zilikuwa nyingi, ila lugha haikukosekana miongoni mwake. Watafiti wa mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuwashirikisha wanazuoni kama Martha Qorro na Birgit Brock-Utne, walifundisha mada zile zile kwa lugha mbili katika madarasa ya sekondari na kuona kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa na kushiriki zaidi.

Mzazi hakuisoma ripoti yoyote kati ya hizo, lakini aliuona ukuta. Kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuubomoa, alianza kumfundisha mwanawe kuupanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya shule binafsi za msingi za Kiingereza ilipofunguliwa, wenye nacho walizikimbilia. Shule hizo zikaanza kupima Kiingereza cha mtoto kabla ya kumpokea darasa la kwanza, hivyo shinikizo likashuka hadi darasa la awali. Darasa la awali nalo likataka mtoto aje akijua rangi na namba kwa Kiingereza, hivyo shinikizo likashuka hadi chekechea, na sasa limemfikia mtoto ambaye bado anajifunza kufunga vifungo vya shati. Hiki ndicho kivuli cha mwaka 1984. Uamuzi ulioogopwa kwa ajili ya mtoto wa miaka 14 umemwangukia wa miaka mitatu.

Mtoto asiyeonekana na sera

Chekechea zetu hazikuanza hivi. Katika miaka ya ujamaa, vituo vya kulelea watoto mchana vilienezwa na vijiji, makanisa na Umoja wa Wanawake wa Tanzania ili kina mama wapate nafasi ya kufanya kazi. Mtoto alipata uji, alicheza na aliimba kwa Kiswahili. Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Mchana ya mwaka 1981 iliviangalia kwa jicho la ustawi wa jamii: usalama, usafi, idadi ya walezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilirithi jicho hilo.

Sera za elimu, kwa upande wake, zilianza kuhesabu kuanzia darasa la awali. Sera ya mwaka 1995 ilisema lugha ya elimu ya awali ni Kiswahili, na Kiingereza kiwe somo la lazima. Mabadiliko ya mtaala ya mwaka 2015 yakataka madarasa mawili ya kwanza ya msingi yajikite katika kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na Kiingereza kisubiri darasa la tatu. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 ukakirudisha darasa la kwanza. Katika kupanda na kushuka kote huko, mtoto wa miaka miwili hadi minne hakutajwa. Ofisa wa ustawi wa jamii anayekagua kituo chake huangalia vyoo na jiko. Ofisa elimu huona kituo hicho si shule. Lugha imebaki mikononi mwa mwenye bango.

Nilipotembelea vituo kadhaa vya mkoa huu mwaka jana, nilishuhudia jambo ambalo wanafunzi wangu wa ualimu wanalifahamu vizuri. Watoto waliimba viungo vya mwili kwa Kiingereza, kwa sauti moja na bila kukosea. Wimbo ulipokwisha, niliwaomba mmoja mmoja wanionyeshe kiwiko. Nilipouliza kwa Kiingereza walisubiri wimbo uanze. Nilipouliza kwa Kiswahili, wengine walionyesha na wengine wakamwangalia mlezi. Binti mmoja alinyamaza katika lugha zote mbili, mpaka mlezi alipomuuliza kwa Kinyaturu. Hapo akanyanyua mkono, akaonyesha kiwiko, kisha akaanza kueleza jinsi alivyokiumiza alipoanguka kisimani. Maelezo hayo yalikuwa marefu, yenye sababu na matokeo. Mtoto huyo alikuwa na lugha. Kituo hakikuwa na haja nayo.

Mlezi mwenyewe alikuwa binti mwenye moyo, mhitimu wa Kidato cha Nne, ambaye Kiingereza chake kilikuwa zile nyimbo na maagizo kama kumi. Kwa maagizo kumi huwezi kumuuliza mtoto ameota nini. Saa sita za kuamka kwake zinapita bila mtu mzima kuzungumza naye kwa kina, katika miaka ambayo akili hujengwa kwa mazungumzo. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahimiza malezi yenye mwitikio, yaani mtoto akitoa ishara au neno, mlezi amjibu. Haiwezekani kumjibu mtoto kwa lugha ambayo nyote wawili hamna.

Wapo watakaosema watoto hushika lugha haraka. Ni kweli, wanapozungukwa nayo. Mtoto wa Mkalama hushika Kinyisanzu cha mama, Kinyiramba cha jirani na Kiswahili cha dukani kwa sababu watu wanaziishi lugha hizo mbele yake. Utafiti ulioongozwa na Carmen Muñoz jijini Barcelona, uliolinganisha wanafunzi walioanza Kiingereza shuleni wakiwa na umri tofauti, ulionyesha kwamba pale lugha inapopatikana kwa saa chache tu za darasani, walioanza wakubwa kidogo huenda kwa kasi zaidi. Babu yangu angeshangaa kuona jambo hilo likihitaji utafiti.

Inafaa pia kukumbuka kwamba mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharamiwa na serikali ya Uingereza na baadaye kuifikia Singida, uliwaandaa watoto wasio na nafasi ya elimu ya awali katika baadhi ya mikoa kwa hadithi za Kiswahili zilizosimuliwa na wasaidizi kutoka katika jamii zao. Fedha ya Mwingereza ilinunua Kiswahili kwa mtoto wa maskini, huku fedha ya mkulima wa alizeti ikinunua Kiingereza cha wimbo.

Kinachowezekana

Sipendekezi vituo vifungwe, wala Kiingereza kifukuzwe nchini. Mtanzania anakihitaji, na anastahili kukijua vizuri kuliko anavyokijua sasa. Napendekeza tuanze pale tatizo lilipo.

Kwanza, ukuta wa Kidato cha Kwanza uondolewe. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 na Sera ya Elimu ya mwaka 2014 zote ziliufungulia Kiswahili mlango wa ngazi za juu. Kilichokosekana ni vitabu, ratiba na ujasiri. Siku mtoto atakapoweza kusomea Biolojia kwa Kiswahili na Kiingereza kikafundishwa kama somo lenye hadhi, hofu inayowaendesha wazazi itapungua yenyewe.

Pili, fedha na juhudi za Kiingereza zielekezwe kwa mwalimu. Vyuo vya ualimu, kikiwemo Kinampanda katika Iramba yetu, vitoe walimu wa Kiingereza wanaoweza kukizungumza, kukiandika na kukifundishia hadithi. Mwalimu mmoja wa namna hiyo katika darasa la tatu ana thamani kuliko mabango kumi ya chekechea.

Tatu, halmashauri za Singida zinaweza, bila kusubiri Dodoma, kuongeza swali moja katika fomu ya ukaguzi wa vituo: je, mlezi anazungumza na mtoto kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa? Ofisa wa ustawi wa jamii anaweza kulijibu swali hilo kwa kukaa kwenye mkeka kwa nusu saa.

Nne, lugha za nyumbani zikaribishwe katika vituo. Bibi anayejua vitendawili vya Kinyaturu au Kinyiramba hahitaji cheti ili aje siku mbili kwa wiki kuwasimulia watoto.

Kwa wanafunzi na wanaharakati wanaosoma ukurasa huu nina ombi la kazi. Likizo ijayo, kaa na mzee wa ukoo wako umuulize alijifunza Kiswahili akiwa na umri gani, kwa nani na kwa sababu gani. Andika majibu yake na majina ya mahali. Kisha nenda kwa mzazi anayeuza mbuzi kwa ajili ya ada ya chekechea, umsomee. Hatuna hoja nzito zaidi ya kumwambia kuliko maisha ya baba yake mwenyewe, na wazee wenye ushahidi huo wanazidi kupungua kila mwaka.